Daftari za Babu: shajara ya mradi

Mfungo mosi (Shawwal), baada ya Idi

Familia imekubali mradi uanze, ingawa si wote waliokubali kwa moyo mmoja. Kazi yenyewe ni kukusanya mambo aliyoyafanya Babu katika umri wake. Nasema aliyoyafanya, kwa sababu sifa tumezisikia za kutosha. Tangu alipofariki katikati ya Rajabu mpaka khitma ya arubaini, kila aliyekuja kutupa pole alisema Babu alikuwa mtu wa watu, mcha Mungu, mpenda familia yake, na hakuna aliyesema uongo. Lakini maneno hayo hayo husemwa kwa kila mzee anayezikwa Lamu. Mtoto atakayezaliwa kwetu mwakani akiyasikia hatajua kama babu yake alikuwa mvuvi, kadhi au muuza halua. Mtu aliyeishi miaka tisini na kitu (kitambulisho kinasema alizaliwa 1933, na kaka yake mkubwa alikufa akiapa kwamba serikali imempunguzia) lazima ameacha kitu kinachoweza kushikwa kwa mkono. Hicho ndicho tunachokitafuta.

Tulichoanza nacho ni sanduku lake. Ndani mna daftari tatu za hesabu zenye majalada magumu, kaseti kadhaa, picha chache, tezo mbili, keekee, patasi zilizoliwa na kutu, kamba ya kupimia yenye mafundo, na kopo la senti za zamani zenye kichwa cha Mfalme George. Daftari ndizo muhimu. Kila mmoja wetu aliwahi kumwona akiandika jioni barazani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza anaandika nini.

Wafanyakazi: mimi naandika, binamu yangu, mwalimu wa hesabu, anapiga picha na kupanga majedwali, Ami anajua nani yuko hai na nani wa kuulizwa nini, Shangazi ana ufunguo wa sanduku, kwa hiyo ndiye mkurugenzi, apende asipende.

Mapendekezo yaliyoanguka kikaoni: kombe la mpira kwa jina lake (Babu hakupata kutazama mpira hata siku moja), na marumaru juu ya kaburi. La marumaru Ami alilimaliza kwa sentensi moja: mwenyewe alishakataa akiwa hai. Tumepatana kuchapisha kitabu kidogo cha familia, kiwe tayari wakati wa Maulidi, mfungo sita, jamaa wa Mombasa, Malindi, Kizingitini na Unguja watakapokuwa wamejaa nyumbani. Kikichelewa hapo tungojee mwaka mzima.

Mfungo pili

Binamu amezipiga picha daftari zote. Alifanya kazi hiyo kiwandani, ua wa ndani ya nyumba, asubuhi na mapema, jua likiwa halijashuka ukutani, kwa sababu mwanga mkali unaumeza wino ambao tayari umefifia. Daftari ya pili imeliwa na mchwa katikati. Kurasa zake tulizibandua kwa ncha ya kisu, Shangazi akiwa amesimama juu ya vichwa vyetu. Kila picha imepewa nambari ya daftari na ya ukurasa. Nakala moja iko kwenye flashi, nyingine tumeipeleka kwa jamaa Mombasa, ili nyumba moja ikipata moto au maji, kazi isipotee.

Kusoma ndiko kulikotukawiza. Babu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa Amu, yaani Lamu, tena kwa haraka ya mtu asiyetarajia kusomwa na mwingine. Irabu hakutia. Herufi moja inabeba sauti mbili au tatu. Mimi na binamu tumehitimu chuo cha Kurani, lakini msahafu una irabu zake zote. Daftari ya mbao na misumari ni habari nyingine. Maalim wa madrasa ya mtaani amekubali kukaa nasi baada ya alasiri, malipo yake kahawa na tende. Siku ya kwanza alisoma ukurasa mzima bila kusita, kisha akasema mwandiko si mbaya hata kidogo, ila mwenyewe alikuwa bahili wa wino.

Daftari ya kwanza ni ya boriti. Hatukujua kwamba kabla hajawa fundi Babu alikuwa karani wa mfanyabiashara wa boriti, akisimama ufuoni kuhesabu zinazopakiwa. Boriti huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene una jina lake na bei yake: pau, mazio, boriti, nguzo. Zilikatwa kwenye mikoko ya huku kwetu, zikangoja majahazi ya Uarabuni yaliyoshuka na kaskazi yakiwa na tende na mazulia, na kusi ilipovuma zikaondoka nayo kwenda nchi zisizo na miti ya kuezekea. Kwetu pia ndizo zilizobeba dari. Chumba cha nyumba ya mawe hakiwezi kuzidi upana ambao boriti inaweza kuubeba, ndiyo maana vyumba vya Amu ni virefu na vyembamba. Hata alipokuwa fundi kamili Babu aliendelea kuandika boriti pembeni, na mistari hiyo inakoma katika daftari ya tatu, serikali ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje ya nchi mwaka 1982. Chini ya mstari wa mwisho amepiga mstari mrefu kwa rula. Hakuandika neno lolote.

Tarehe zilitutoa jasho. Mwaka hakuuandika. Aliandika siku ya mwezi wa Kiislamu na, pembeni, mwongo. Kwa vijana watakaosoma: mabaharia wetu walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka wao mpya, wakaugawa miongo thelathini na sita ya siku kumi kumi, zikabaki siku tano. Pepo na mvua zilifuatwa kwa miongo, kwa kuwa mwezi mwandamo haukwambii kusi itaanza lini. Hapo binamu aliona jambo ambalo mimi sikuliona. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa Nairuzi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo siku fulani ya mwezi na mwongo fulani hukutana mara moja tu katika muda wa miaka thelathini na kitu. Ukivipata vyote viwili kwenye mstari mmoja, mwaka umeupata. Alianzia kwenye mstari wa Rajabu unaosema bendera mpya imepandishwa, ambao hauwezi kuwa mwingine ila wa Disemba 1963, kisha jedwali lake likaenda nyuma na mbele kutoka hapo. Nilidhani anacheza. Sasa sehemu kubwa ya mistari ina miaka yake, na Maalim ameomba nakala ya jedwali.

Kuna mistari mingine imetushinda. "Mbao sita, shibiri nne." (Shibiri ni urefu wa kiganja kilichotanuliwa.) Haina jina wala bei. Imerudiwa tangu daftari ya pili mpaka mwisho wa ya tatu, na mara nyingine inasema shibiri mbili. Mtu aliyeandika mpaka bei ya pamba ya kalafati, mbona hapa ameacha nafasi ya bei tupu? Maalim alipoufikia mstari wa kwanza alinyamaza kidogo, akasema, "Mwulizeni Ami yenu." Ami yuko Kizingitini kwa shughuli za samaki.

Mfungo pili, mwishoni

Ugomvi wa kwanza, na ulikuwa wa haki.

Daftari ya pili ina kurasa za deni. Si deni la Babu; ni la watu kwake. Fulani amechukua mashua, amelipa nusu. Fulani amekopa shilingi za ada ya mtoto. Fulani amekopa, amekopa tena, amekopa mara ya tatu. Majina yamo, na mengi ni ya nyumba tunazozijua, ambazo watoto wake tunasalimiana nao kila siku njiani. Mistari mingi imekatwa kwa kalamu: imelipwa. Mingine ina duara dogo mwishoni. Tulibishana maana ya duara mpaka Maalim akapata ukurasa ambapo Babu ameandika pembeni yake "nimemsamehe", mara moja tu, kama mtu anayejiwekea ufunguo. Duara ni nyingi kuliko nilivyodhani. Na ipo mistari michache isiyo na mkato wala duara.

Binamu alitaka kurasa hizi ziingie kitabuni bila majina. Hoja yake: hapa ndipo Babu anapoonekana, si kwenye "alikuwa mkarimu". Shangazi akasema hata bila majina watu watajitambua. Lamu ni mji ambao ukitaja mashua yenye tanga lenye kiraka, watu wanakutajia mwenyewe, mkewe, na deni lililonunua kiraka. Akaongeza jambo ambalo lilitunyamazisha: aliyemsamehe mtu kwa siri amempa vitu viwili, fedha na siri, na sisi hatuna ruhusa ya kumnyang'anya cha pili.

Nimetafakari na naona Shangazi ana haki, ingawa moyo wangu wa mwandishi unauma. Mimi ningeandika kwamba kurasa hizo zipo, basi. Yeye anataka hata hilo lisiandikwe. Hatujafika mwisho wake. Kwa sasa kurasa za deni zimeondolewa kwenye flashi na kwenye nakala ya Mombasa pia, na daftari yenyewe imerudi sandukuni.

Mfungo tatu

Ami amerudi. Nilimsomea mstari wa mbao akiwa hajavua viatu.

"Hizo za maiti, mwanangu," akasema. "Hukujua?"

Nisingejua. Kwetu wanawake hatuendi makaburini siku ya maziko. Ami akaeleza. Maiti akishalazwa kwenye mwanandani, shimo dogo la ndani ya kaburi, huzibwa kwa mbao kabla udongo haujarudishwa. Mtu akifa usiku huzikwa asubuhi yake, na saa hizo hakuna duka la mbao lililo wazi, wala mashua ya kukuvusha Mokowe, bara. Basi Babu alikuwa na desturi. Kila alipounda chombo, mabaki ya mbao yanayofaa aliyakata shibiri nne nne, akayapanga katika kistoo nyuma ya msikiti. Aliyefiwa hakuomba wala hakulipa. Alituma mtu akachukue. Babu akipita jioni akiona pengo, anaandika mstari, na mashua inayofuata anaziba. Za shibiri mbili ni za watoto.

Kwa hiyo tulicho nacho mikononi ni daftari ya vifo vya mtaa mzima kwa zaidi ya miaka hamsini, isiyo na jina hata moja.

Ami hakuishia hapo. Siku tuliyomzika Babu kistoo kilikuwa kitupu. Miaka yake ya mwisho hakuunda chombo, mikono ilikuwa inatetemeka, na hakuna mwingine aliyefikiria kujaza. Mbao zake ziliokotwa nyumba tatu tofauti, na mbili zilikuwa rafu za duka. Muuzaji aliteremsha makopo ya maziwa sakafuni akazing'oa.

Mpango wa kitabu umebadilika. Mistari ya mbao iwe uti wake.

Siku chache kabla ya Idi ya kuchinja tulikwenda kijiji cha Matondoni, mimi, Ami na binamu, kumwona mzee aliyeunda vyombo pamoja na Babu tangu ujana. Kusi ilikuwa kali, tukaenda kwa punda njia ya nchi kavu badala ya maji, na punda wangu alikuwa na maoni yake kuhusu safari hiyo. Mzee tulimkuta amekaa kivulini chini ya mashua iliyopandishwa kwa matengenezo, tezo mapajani.

"Sabalkheri, Mzee."

"Sabalkheri, mwanangu. Ndoo, kaa kitako. Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa. "Wa yule mzito!"

Uzito anaousema ni wa kazi. Babu alikuwa fundi wa polepole kuliko wote pwani hii. Chombo ambacho mwenzake angekishusha majini kwa msimu mmoja, yeye alikivusha msimu. Kuna nahodha alimfuata mpaka msikitini akamgombeza mbele ya watu, na Babu akamjibu kwamba bahari haitamwuliza alichelewa siku ngapi. Jibu zuri, lakini Mzee anasema mteja alikuwa na haki: alikuwa amepoteza kaskazi nzima. Hili litaingia kitabuni. Familia yetu ina desturi ya kusema Babu hakupata kugombana na mtu, na desturi hiyo haimfai.

Nilimwomba aeleze polepole ilitokana na nini, naye akanionyesha kwa mashua iliyokuwa juu yetu. Chombo hakina ramani. Mkuku, uti wa chini wa chombo, unalazwa, fashini zinasimamishwa mbele na nyuma, na umbo lote liko machoni mwa fundi. Vipimo ni shibiri, dhiraa na pima, vyote vya mwili wake mwenyewe, na ndiyo maana vyombo vya mafundi wawili havifanani hata wakikubaliana vipimo. Mbao za ubavu ni bambakofi ikipatikana. Mataruma, mbavu za ndani za chombo, ndiyo yaliyomkawiza Babu. Wengine huchukua mti ulionyooka wakauchonga ujipinde, nyuzi za mti zikakatwa, na hapo ndipo taruma huvunjika chombo kikipigwa na mawimbi. Babu alitafuta mti uliojipinda wenyewe kwa kipimo anachotaka. Angezunguka msituni siku nzima akarudi na tawi moja. Kisha misumari, kisha kalafati, pamba iliyolowa mafuta ikipigwa katika kila mwanya, na chini shahamu, mafuta ya ng'ombe na chokaa, ili wadudu wa baharini wasile mbao.

"Vyombo vyake viko?" binamu akauliza.

Mzee akanyoosha kidole. Mashua tuliyokalia kivuli chake ilikuwa ya Babu. Imebadilishwa mbao za ubavu zaidi ya mara moja, na nyuma imekatwa ipokee injini, jambo ambalo lilimkera Babu, lakini mataruma ni yale yale. Nimepiga picha yake kwa ndani. Binamu ameipima kwa futi ya chuma, akaandika mita na sentimita, na Mzee akamtazama kwa huruma.

Jambo la pembeni lililopatikana siku hiyo: mistari ya "mapipa ya maji, Manda" katika daftari ya kwanza. Miaka ya hali ya hatari Waingereza waliwafunga wafungwa wa Mau Mau kisiwani Manda, na Manda maji ya kunywa ni taabu. Babu na Mzee walikuwa vijana, wakapata kibarua cha kuvusha mapipa. Mzee anakumbuka walikatazwa kusema nao, na anakumbuka wafungwa wakiimba. Zaidi ya hapo hakutaka kuongeza, nami sikumlazimisha.

Mfungo nne

Bibi.

Edda yake ilikwisha mwisho wa mfungo pili, miezi minne na siku kumi, na tulimwachia apumue kabla ya kumletea kinasa sauti. Alikubali kwa sharti kwamba simu ifunikwe kwa leso, kwa sababu hawezi kusema na kitu kinachomkodolea macho. Rekodi zote za Bibi zinasikika kama anasema kutoka ndani ya mtungi, lakini zinasikika.

Nilianza na safari ya Ghuba, kwa kuwa ni hadithi ambayo sote tumelelewa nayo: Babu kijana, jahazi la boriti, kusi, Maskati, na kurudi na kaskazi akiwa tajiri wa maarifa. Bibi akaipangua. Alirudi hana kitu. Mshahara wake wote aliununulia cherehani ya mkono, na cherehani hiyo hakumpa yeye, alimpa mama mkwe wake, mama yake Bibi, aliyekuwa mjane mwenye watoto wadogo. "Niliona wivu mwaka mzima," Bibi anasema. Kwa cherehani hiyo ndugu zake Bibi walivaa, wakala na wakasoma. Mara ya pili alipoitwa safarini alikataa, kwa sababu mtoto wa kwanza alikuwa ameanza kutambaa na yeye alitaka kumwona akisimama. Waliokwenda walimcheka. Ndipo alipoingia ufundi, kazi ambayo mtu hurudi nyumbani jioni.

Mengine ya Bibi nayaandika yalivyokuja, bila kuyapanga. Babu alikuna nazi mwenyewe kila siku ya Ijumaa, akikaa juu ya mbuzi pale kiwandani mbele ya wageni, na rafiki zake hawakuwa na la kumwambia. Binti zake wote walikwenda shule wakati ambapo mtaani hilo lilikuwa jambo la kusemwa; alimpeleka Shangazi mwenyewe, akamngoja nje mwezi wa kwanza mzima, akichonga vipini vya patasi. Wali ukiungua alikula ukoko kwanza. Alikuwa na hasira ya asubuhi, asiongeleshwe kabla ya kahawa. Alimwogopa daktari wa meno kuliko bahari. Hakujua kuimba na aliimba.

Kisha nikamsomea mistari ya shibiri mbili. Kuna msimu mmoja ambao imefuatana, ukurasa karibu mzima, na jedwali la binamu linauweka miaka ya sitini. Bibi akasema hiyo ilikuwa surua. Akataja nyumba moja moja, kwa mpango, kuanzia msikitini kwenda mtaa wa Langoni, kama mtu anayepita njiani akibisha hodi. Tulipofika mstari wa sita akanishika mkono.

"Hiyo ni yetu," akasema. "Iate papo."

Hakuna katika sisi aliyejua kwamba kabla ya Shangazi alikuwako mwingine. Mstari ule haukutofautiana na mingine kwa lolote: idadi ya mbao, shibiri mbili, mwongo. Nimeuacha papo, kama alivyosema, na nimemwomba ruhusa kuandika haya. Ametoa.

Mfungo tano

Kaseti. Nyingi ni kisomo na taarabu, mbili zimeota ukungu, na moja yenye maandishi "Babu anahadithia" ina Babu akihadithia kwa muda usiozidi kuchemka kwa chai, kisha taarifa ya habari ya redio inaingia juu yake mpaka mwisho. Aliyerekodi juu yake hajajitokeza. Sauti iliyobaki tumeihifadhi: anasema bei ya misumari imepanda na dunia inakwisha.

Rasimu ya kitabu imekwenda kwa mchapaji. Picha za rangi zimeachwa, ni ghali.

Mfungo sita, Maulidi

Mji umejaa. Msikiti wa Riyadha hakuna pa kuweka mguu, pwani mashindano ya mashua, punda wanakimbizwa, na nyumba yetu imelaza watu mpaka kwenye daka la mlangoni. Huu ndio wakati tuliouwinda. Usiku mmoja baada ya isha tulikaa kiwandani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, Ami akasoma rasimu kwa sauti.

Masahihisho yalimiminika. Kaka wa Bibi alisema cherehani haikutoka Maskati, ilitoka Kuwait. Bibi akasema yeye ndiye aliyeiona ikiteremshwa, kaka yake alikuwa ananyonya. Mgeni wa Malindi alileta picha ambayo hatukuwa nayo: Babu na mafundi wenzake mbele ya fashini, amevaa kikoi, uso ameugeuzia chombo badala ya kamera. Jamaa wa Unguja alilalamika kwamba sura ya yule nahodha aliyegombeza msikitini ni aibu, iondolewe. Hapo akasimama mzee mmoja nisiyemfahamu, aliyekaa karibu na mlango, akasema nahodha huyo ni baba yake, na habari ni kweli, na mashua ile ndiyo iliyowarudisha watu wote hai siku bahari ilipochafuka, basi iachwe kama ilivyo. Imeachwa.

Mistari ya mbao Ami aliisoma mwisho, bila maelezo, miaka na shibiri tu. Ilichukua muda. Vijana wawili watatu walitoka nje. Alipomaliza, mjukuu mdogo wa kiume wa Shangazi akauliza swali ambalo sisi wakubwa, kwa miezi yote tuliyoshughulika na flashi na irabu, hakuna aliyeliuliza: sasa nani anaweka mbao?

Mfungo saba

Kistoo kimefunguliwa. Panya, vyandarua vikuukuu vya uvuvi, na kipande cha chaki juu ya rafu.

Fedha zilizotengwa kwa picha za rangi zimenunua mbao Mokowe. Hatuna mabaki ya mashua, kwa hiyo ni mbao za duka, za kawaida. Mzee wa Matondoni alipoziona alisema hazifai hata kwa kizimba cha kuku lakini chini ya udongo zitatosha. Alikuja mwenyewe kuzikata, akapima kwa shibiri yake, na binamu hakutoa futi. Za shibiri mbili amekata chache. Kila fundi seremala mtaani ameombwa alete mabaki, na wawili wameshaanza. Kijana aliyetoka nje usiku wa Maulidi ndiye aliyejitolea kupita jioni kuangalia pengo.

Kamati ya msikiti ilitaka daftari mpya iwe na jina la marehemu, tarehe na sahihi ya aliyechukua, kama stoo za serikali. Ami alikataa. Walirudi mara ya pili wakitaka angalau tarehe. Tarehe imekubaliwa. Binamu ameongeza safu ya mwongo pembeni kwa hiari yake.

Kitabu kimechapwa. Nakala ya kwanza iko kwa Bibi, ambaye hasomi herufi za Kirumi na amekiweka chini ya mto. Ya Mombasa na ya Unguja zimeshapanda basi. Nakala za sauti ya kaseti ziko kwenye simu za wajukuu wote, na nasikia wengine wameifanya mlio.

Iliyobaki ni kurasa za deni. Shangazi anasema tutazizungumza baada ya Ramadhani. Hakusema Ramadhani ipi.